Mwongozo kamili wa ada za kuweka seva ndani ya kituo cha data cha soko la hisa

Ankara ya kwanza ya kituo cha data iliyofika mezani kwangu ilikuwa na vipengele tisa. Bajeti niliyoiandaa kwa mkono wangu ilikuwa na vinne. Hakuna aliyenificha vile vitano vingine. Vyote vilikuwa vimechapwa kwenye jedwali la ada ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua, na mimi sikulisoma hadi mwisho. Kampuni ilikuwa changa, na pengo lile tulilifidia kwa karibu robo mwaka. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kukokotoa ada hizi kabla bosi hajatia saini, na namna ninavyoifanya kazi hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa.

Nazungumzia Marekani. Huduma ya namna hii ipo kwenye masoko mengi, Johannesburg ikiwamo tangu 2014, lakini Marekani sheria inalilazimisha soko kuchapisha bei zake na kuzitetea mbele ya serikali. Kwa hiyo mtu mwenye subira anaweza kujua karibu kila senti atakayotozwa kabla hajapiga simu hata moja. Ukishaweza kusoma majedwali ya huko, ya kwingine hayatakusumbua.

Unanunua nini hasa

Hisa za Marekani, kwa sehemu kubwa, haziuzwi tena pale Wall Street penye nguzo na kengele. Zinauzwa ndani ya mabohari ya kompyuta huko New Jersey. Mashine za New York Stock Exchange, yaani NYSE, ziko Mahwah, katika kituo kilichofunguliwa 2010, kilomita zipatazo 45 kutoka Wall Street. Za Nasdaq ziko Carteret, upande wa kusini. Za Cboe ziko Secaucus, katikati ya hizo mbili. Ndani ya kila kituo kuna mashine ya kuoanisha oda: inachukua oda ya anayetaka kununua na ya anayetaka kuuza, bei zikikutana biashara inafungwa.

Soko linakukodishia nafasi ya kuweka seva zako ndani ya jengo lilelile. Wenyewe huiita kolokesheni. Unachokinunua hapo ni ukaribu, na ukaribu huo una kipimo cha fizikia. Mwanga ukipita hewani husafiri mita 300 hivi kwa mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukipita kwenye kioo cha faiba hupungua hadi mita 200 hivi. Maana yake kila mita moja ya waya wa faiba inakuongezea nanosekunde tano. Kutoka Carteret hadi Mahwah ni kilomita 57 hivi kwa mstari ulionyooka. Hata faiba ingelazwa bila kona hata moja, habari ya bei ingechukua mikrosekunde 285 kufika upande wa pili. Kwa binadamu muda huo si kitu. Kwa programu inayopanga bei za maelfu ya hisa, ni muda wa kutosha mwenzako kuiona bei mpya na kuichukua ile ya kwako iliyochakaa.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaihitaji

Nimeona watu wakiingia humu kwa sababu washindani wao wameingia. Hiyo si sababu. Anayehitaji kukaa ndani ya jengo ni yule ambaye faida yake inapungua kila mikrosekunde inapoongezeka: anayetoa bei za kununua na kuuza kutwa nzima, anayefuata tofauti ya bei kati ya masoko mawili, au dalali mkubwa anayegawanya oda za wateja katika masoko mengi kwa mpigo. Pia wapo wauzaji wa programu na wa data wanaowahudumia hao.

Anayenunua hisa za Marekani kwa simu akiwa Mombasa au Mwanza hahusiki. Kutoka Nairobi hadi New Jersey ni takribani kilomita 12,000. Mwanga ndani ya faiba unahitaji walau milisekunde 60 kwenda na 60 kurudi, tena hiyo ni kama mkongo wa baharini ungepita njia ya mkato, na haupiti. Milisekunde 120 ni mikrosekunde 120,000. Hakuna programu itakayofuta umbali huo. Mtu wa namna hiyo aangalie zaidi kamisheni ya dalali wake na kiwango cha kubadilisha fedha. Huko ndiko pesa zake zinakovujia.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi huiruka: kukaa ndani ya kabati la mtu mwingine, yaani lile kabati la chuma linalopangiwa seva. Kampuni za huduma hukodi kabati zima, kisha humgawia mteja mdogo seva moja au mbili. Ni nafuu ya kuanzia, ila tambua kwamba soko nalo lina ada yake juu ya mpangilio huo. Jedwali la NYSE limekuwa likimtoza mwenye kabati dola 1,000 kwa mwezi kwa kila mteja anayemhifadhi, kwa kila kabati alimo. Huyo mwenye kabati hatailipa mfukoni mwake. Itakuja kwako, wakati mwingine ikiwa imefichwa ndani ya jina kama “ada ya uendeshaji”. Ulizia.

Hatua ya pili: pata jedwali lenyewe, si brosha

Usikubali bei kutoka kwenye slaidi za muuzaji. Kila soko la hisa lililosajiliwa Marekani lina jedwali la ada kwenye tovuti yake, na jedwali hilo ni sehemu ya kanuni zake zilizowasilishwa kwa Tume ya Dhamana na Masoko, SEC. Soko haliruhusiwi kukutoza zaidi au pungufu ya kilichoandikwa pale. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kwenye kituo cha data cha kawaida unaweza kukaa na meneja mauzo mkashushiana bei hadi mkakubaliana. Ndani ya soko la hisa hakuna kushushiana: mkubwa na mdogo wanasoma mstari uleule. Kuna punguzo tu kama limeandikwa, na likiandikwa ni la kila anayetimiza sharti.

Ukifungua jedwali, tafuta kwanza sehemu ya maelezo ya jumla kabla ya tarakimu. Humo ndimo yamo mambo yanayobadilisha hesabu nzima. Mfano mmoja wa kuokoa pesa: kampuni inayomiliki NYSE inamiliki pia masoko mengine madogo, kama NYSE Arca, NYSE American na NYSE National, na yote yanakaa Mahwah. Kila moja lina jedwali lake lenye ada zilezile. Mgeni akiziona anadhani atalipa mara nne. Halipi. Maelezo yanasema wazi kwamba aliyetozwa huduma na soko moja hatozwi huduma hiyohiyo na ndugu zake. Nimeshuhudia bajeti iliyopitishwa ikiwa imevimba kwa sababu mwandishi wake hakusoma aya hiyo.

Hatua ya tatu: kokotoa, fungu kwa fungu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tukae. Nitatumia viwango ambavyo jedwali la NYSE la Mahwah lilivionyesha kwa miaka mingi. Viwango hupanda, basi chukua hesabu hii kama kielelezo cha namna ya kukokotoa, halafu uweke tarakimu za siku utakayoifanya.

Fungu la kwanza ni kabati na umeme. Ajabu ya mgeni ni kwamba kabati lenyewe halina kodi ya mwezi. Unalipa dola 5,000 mara moja unapoingia, na baada ya hapo unalipia kilowati ulizotengewa. Kwa kati ya kilowati 4 na 8, dola 1,200 kwa kila kilowati kwa mwezi. Kati ya 9 na 20, dola 1,050. Kati ya 21 na 40, dola 950. Kuanzia 41 kwenda juu, dola 900. Neno la kulichunga hapo ni “ulizotengewa”. Unatozwa umeme ulioomba uwekewe, sio ule mita iliousoma. Ukiomba kilowati 8 na seva zako zikala 5, umetupa dola 3,600 kila mwezi. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, ziwashe seva zako ofisini, zipe mzigo mzito kuliko utakaoutegemea siku ya vurugu sokoni, pima zinakula kiasi gani, kisha uongeze akiba kidogo. Usiiamini tarakimu iliyobandikwa nyuma ya seva. Ile ni kilele cha kiwandani.

Kwa mwenye seva chache kulikuwa na sehemu ya kabati: kilowati 1 kwa dola 1,500 kwa mwezi, au 2 kwa dola 2,700. Kwa kila kilowati ni ghali kuliko kabati zima, lakini jumla yake ni ndogo. Kama hujui biashara itakwendaje, anzia huku.

Fungu la pili ni viunganishi, na hili ndilo linalomeza pesa. Kukaa ndani ya jengo bila waya wa kufika kwenye mashine ya kuoanisha oda ni sawa na kuwa na duka sokoni lisilo na mlango. Mahwah kumekuwa na mitandao miwili ya ndani. Mmoja ni wa kasi, unaitwa LCN; mwingine, unaoitwa wa IP, huchelewa kidogo kuliko huo wa kwanza. Kiunganishi cha gigabiti 10 kwenye LCN, kwa aina yake ya kasi zaidi iitwayo LX, kilitozwa dola 15,000 za kuunganishwa na dola 22,000 kila mwezi. Kiunganishi cha gigabiti 10 kwenye mtandao wa IP kilitozwa dola 10,000 za kuunganishwa na dola 11,000 kwa mwezi. Cha gigabiti 1 kwenye mtandao huohuo wa IP, dola 2,500 za kuunganishwa na 2,500 kwa mwezi.

Tazama tofauti hizo kwa makini. Kutoka gigabiti 1 ya IP hadi gigabiti 10 ya LX, ada ya mwezi imepanda karibu mara tisa. Anayetuma oda mia chache kwa siku hana haja ya LX. Lakini anayepokea mkondo kamili wa bei za hisa zote hawezi kupita kwenye gigabiti 1, kwa sababu soko likichangamka, hasa dakika za kufungua na za kufunga, bei humiminika kwa mpigo na waya mwembamba huanza kudondosha pakiti, yaani vile vifungu vidogo vya data. Pakiti moja ya bei ikipotea, programu yako inaendelea kufanya biashara kwa picha ya zamani. Hasara ya dakika moja ya namna hiyo yaweza kuzidi ada ya mwaka.

Fungu la tatu ni nyaya za kuunganisha kabati moja na jingine: kwa mtoa data, kwa dalali, kwa kampuni ya mawasiliano inayokutoa nje ya jengo. Kila waya ulikuwa dola 500 za kuwekwa na dola 600 kwa mwezi. Mwaka wangu wa kwanza niliagiza nyaya kama ninayenunua vocha. Kila mhandisi aliyeomba nilimkubalia. Haba na haba hujaza kibaba: nyaya nane ni dola 4,800 kwa mwezi, na tatu kati yake hazikuwa zimechomekwa popote. Kila robo mwaka pita na orodha mkononi, waya mmoja mmoja, uulize nani anautumia. Usiokuwa na mwenyewe, uandikie barua ya kuukata.

Fungu la nne ni vijigharama vya kuja na kuondoka. Fundi wa kituo akiingiza mkono kwenye kabati lako kwa niaba yako, ilikuwa dola 100 kwa nusu saa. Kupokelewa kwa kila mzigo wa posta, dola 100. Mgeni wako kusindikizwa na mlinzi, dola 75 kwa kila safari. Bajeti yangu ya kwanza haikuwa na hata kimoja kati ya hivi. Mwezi wa kuhamia ndio hujaa hivyo: sanduku hili limefika leo, jingine kesho, fundi arudi kwa sababu waya umechomekwa tundu la jirani. Dawa ni kupanga mizigo ifike kwa pamoja, na kubandika lebo kila ncha ya waya kabla haijaondoka ofisini.

Sasa tujumlishe kwa kampuni moja ya kubuni. Ina kabati moja la kilowati 8, kiunganishi kimoja cha LX, kimoja cha gigabiti 10 cha IP kama akiba, na nyaya mbili za kuunganisha. Ada za kuingia: 5,000 za kabati, 15,000 na 10,000 za viunganishi, 1,000 za nyaya, jumla dola 31,000. Ada za kila mwezi: umeme 9,600, viunganishi 33,000, nyaya 1,200, jumla dola 43,800. Kwa miezi kumi na miwili ni dola 525,600. Ukiongeza ada za kuingia, mwaka wa kwanza unakula dola 556,600.

Rudi utazame mgawanyo. Kabati na umeme, kitu ambacho kila mtu hukiulizia kwanza, ni chini ya robo ya malipo ya mwezi. Robo tatu nzima ni viunganishi viwili. Kwa hiyo ukitaka kupunguza, anza na waya. Swali la kumuuliza mhandisi ni moja: kile kiunganishi cha akiba, lazima kiwe cha gigabiti 10? Kikiwa cha gigabiti 1 kinachobeba oda tu pale cha kwanza kinapokatika, unaokoa dola 8,500 kwa mwezi. Ni uamuzi wa hatari dhidi ya gharama, na ufanywe na watu wote wawili, mhandisi na mhasibu, wakiwa meza moja.

Na bado hujalipia data. Haki ya kupokea bei za soko ina ada zake, tena nyingi. Milango ya kupitishia oda, ambayo wenyewe huiita poti, nayo hulipiwa kivyake. Zote hukaa kwenye majedwali mengine tofauti na hili la kituo cha data. Ziandikie karatasi ya pili, la sivyo utamwambia bosi umemaliza hesabu kumbe umefika nusu ya njia. Halafu ukumbuke kwamba mwenye kufanya biashara katika masoko yote makubwa ya hisa anahitaji uwepo Mahwah, Carteret na Secaucus, pamoja na njia ya kuziunganisha. Zidisha kabla hujafurahi.

Hatua ya nne: uliza yasiyoandikwa kwenye jedwali

Swali la kwanza ni urefu wa waya. Masoko makubwa hukata nyaya kwa urefu sawa: aliye hatua kumi kutoka mashine ya kuoanisha oda anapewa waya mrefu uleule wa aliye mwisho wa ukumbi, na ziada yake hukunjwa kama kamba ya kisima. Ukipewa nafasi ya kutembelea ukumbi, itafute hiyo ziada kwa macho yako. Mizunguko ya waya wa faiba imefungwa vizuri ubavuni mwa kabati, haina kazi nyingine yoyote ila kumfanya wa karibu asubiri wa mbali. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisimama pale kwa muda. Ndiyo haki ya soko ikiwa kitu cha kushikika kwa mkono. Soko la IEX, lililoidhinishwa 2016, liliifanya hatua hiyo kuwa sera yake: kila oda hupita kwanza kwenye waya wa kilomita 61 hivi uliozungushwa ndani ya kisanduku, na hucheleweshwa mikrosekunde 350.

Swali la pili ni namna data inavyogawiwa ndani ya jengo. Bei sawa na urefu sawa wa waya havitoshi. Nchini India, soko la taifa la NSE lilifuata mtindo wa kumtumia bei mteja mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wa walivyoingia kwenye mfumo. Aliyewahi asubuhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata bei. Mlalamikaji aliliibua suala hilo 2015. Msimamizi wa masoko wa India, SEBI, mwaka 2019 akaliamuru soko lirudishe zaidi ya rupia bilioni 6 pamoja na riba. Mwaka 2023 baraza la rufaa likaitengua amri hiyo na kuweka malipo madogo zaidi. Wateja wote walikuwa wakilipa ada zilezile. Kwa hiyo uliza: data inatumwa kwa wote kwa mpigo, au kwa foleni?

La tatu ni nafasi. Ukumbi ukijaa, soko huweka orodha ya kusubiri na kikomo cha makabati kwa kila mteja, na utaratibu huo nao umo ndani ya kanuni. Usiajiri wahandisi kwanza ukitegemea kabati litapatikana. La nne ni mlango wa kutokea: notisi ya kuacha huduma ni ya siku ngapi, kuna muda wa chini wa kukaa, na ada ya kuingia hurudi au hairudi? Majibu yote uyapate kwa maandishi.

Hatua ya tano: jifunze kusoma waraka wa kupandisha ada

Soko likitaka kubadili ada, linajaza fomu iitwayo 19b-4 na kuiwasilisha SEC. Waraka hupewa namba inayoanza na SR, ikifuatiwa na jina la soko, mwaka na namba ya foleni. Iandike namba hiyo. Ndiyo utakayoitumia kila mahali.

Waraka wenyewe waweza kuwa na kurasa hamsini au zaidi. Usianze mwanzo. Nenda moja kwa moja kwenye kiambatisho namba 5. Pale pana jedwali la ada lenyewe, maneno mapya yamepigiwa mstari chini na yanayofutwa yamewekwa kwenye mabano ya mraba. Kwa dakika tano utakuwa umejua nini kimepanda. Angalia hadi tanbihi zilizo chini ya jedwali. Mara nyingine ada haikuguswa lakini sharti la kuipata limebadilika.

Baada ya hapo rudi kwenye maelezo ya sababu. Sheria ya Masoko ya Dhamana ya 1934, kifungu cha 6, inadai mambo matatu: ada iwe ya wastani unaokubalika na igawanywe kwa haki, isibague isivyo halali, na isizuie ushindani bila ulazima. Soko lazima litetee ada yake kwa vigezo hivyo. Kuna njia mbili linazotumia. Ya kwanza ni kusema lina washindani, kwa hiyo likizidisha wateja watahama. Ya pili ni kufungua vitabu na kuonyesha gharama zake. Mwezi Mei 2019 watumishi wa SEC walitoa mwongozo unaoeleza ushahidi gani masoko yanatarajiwa kuuleta kwa kila njia.

Hoja ya ushindani isome kwa jicho kali. Kwa hisa zenyewe ushindani upo, maana hisa moja huuzwa katika masoko mengi. Lakini waya wa kufika kwenye mashine ya Mahwah huwezi kuununua Carteret. Anayelazimika kupata bei bora kwa mteja wake, na bei hiyo iko Mahwah, hana pengine pa kwenda. Hapa mimi nina msimamo: kauli ya “watahama” ikitolewa juu ya viunganishi vya ndani ya jengo, idai ushahidi wa majina ya mbadala na bei zake.

Hatua ya sita: andika maoni, na uyaandike mapema

Ada nyingi huanza kutumika papo hapo zinapowasilishwa. Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa. Lakini SEC ina siku 60 tangu kuwasilishwa kusimamisha ada hiyo kwa muda na kufungua uchunguzi. Umma una siku 21 za kutoa maoni tangu taarifa ichapishwe kwenye gazeti rasmi la serikali, Federal Register. Si lazima uwe raia wa Marekani, wala mteja wa soko, wala mwanasheria.

Na maoni huzaa matunda. Mwaka 2018 soko la BOX liliweka ada za kuunganishwa kwenye mtandao wake. SIFMA, chama cha kampuni za dhamana, na chama kingine kiitwacho Healthy Markets walipeleka barua za kupinga. SEC ikazisimamisha ada hizo, na tarehe 29 Machi 2019 ikazikataa kabisa, kwa sababu soko halikuonyesha kwamba zinatimiza matakwa ya sheria. Kesi ya Mahwah nayo ni ya kuikumbuka. Kulikuwa na huduma za mawimbi ya redio zilizounganisha kituo hicho na vingine, na mlingoti wa antena uliosimama ndani ya uwanja wa kituo chenyewe. Wamiliki walisema hizo si sehemu ya soko la hisa, hivyo bei zake hazipaswi kupita SEC. Washindani waliokuwa na milingoti yao nje ya uzio waliandika kueleza faida ya yule aliye ndani. SEC ilishikilia kwamba ni sehemu ya soko, na Januari 2022 mahakama ya rufaa ya Washington ikaunga mkono.

Barua nzuri ni fupi. Juu weka namba ya waraka. Aya ya kwanza useme wewe ni nani kwa kazi na ada hiyo inakugusaje, kwa tarakimu: “tunalipa kiasi hiki, tutalipa kiasi hiki”. Kisha chagua hoja moja au mbili za kifungu cha 6 na uzijibu kwa maneno ya waraka wenyewe, ukitaja ukurasa. Usilalamike kwamba bei ni kubwa; onyesha kwamba sababu iliyotolewa haithibitishi bei hiyo. Kama umetafuta mbadala ukakosa, eleza ulitafuta wapi. Itume kupitia fomu iliyo kwenye tovuti ya SEC. Itachapishwa hadharani kama ulivyoiandika, bila kuhaririwa, kwa hiyo usiweke namba ya simu, anwani ya nyumbani wala siri ya mteja.

Siku ya kuanza kuhesabu zile 21 si siku uliyosikia habari, wala siku soko lilipowasilisha. Ni siku ya kuchapishwa. Ifungue taarifa kwenye Federal Register. Tarehe ya mwisho huandikwa karibu na mkia wake. Inakili kwenye kalenda ya ofisi kwanza, halafu urudi kusoma kiambatisho namba 5.